Mtambo wa Bunduki ya Dismasi

Jumatano, tarehe 12 Machi 2025. Mvua ilianza kunyesha kabla ya alfajiri, ikakatika watu walipokuwa wakifungua maduka Rumonge, na nyuma yake ukabaki ukungu mzito juu ya ziwa. Mtu aliyesimama barabarani Kigwena hakuyaona maji; aliyasikia tu yakipiga mashina ya migomba iliyozama tangu ziwa lilipopanda.

Venanti alishuka kwenye pikipiki mbele ya ofisi ya walinzi wa msitu, akapangusa matope kwenye suruali, akaingia na mkoba wake wa turubai. Ndani ya mkoba mlikuwa na tupa, bisibisi, kitambaa na kichupa cha mafuta ya cherehani. Alikuwa ameitwa kwa kazi moja: kuchagua mtambo wa bunduki ambayo ilikuwa bado haijazaliwa.

Sababu ya bunduki hiyo kila mtu wa mwambao aliijua. Ziwa lilipopanda na kumeza nyasi za ukingoni, viboko walipanda nalo. Walikula mihogo nyuma ya nyumba za watu, walilala mitaroni, na mwezi wa Januari mmoja wao alimkanyaga mwanamke aliyekuwa anafua nguo. Mwanamke huyo hakufika hospitali. Walinzi walikuwa na bunduki za kijeshi zenye risasi nyembamba, ambazo kwa kiboko ni uchokozi tu. Ndipo ofisi ikapata ruhusa ya kuunda bunduki moja ya kuwindia, ya risasi ya kati: si ile ndogo ya swala, wala si ile nene ya tembo inayomlaza chali mpigaji asiyeizoea. Mtutu mpya ulikuwa umefika, wa milimita tisa na ushei. Kitako cha mti Venanti alikuwa ameshakichonga nusu. Kilichobaki ni mtambo, yaani kile chuma cha katikati ambamo mtutu hukazwa, kinachoipokea risasi, kuifunga, kuifyatua na kulitupa ganda nje. Mtutu mbaya hukosesha shabaha. Mtambo mbaya humgeukia mwenye bunduki.

"Amahoro, fundi," alisema Abdoulkarim, mtunza ghala, mzaliwa wa Rumonge mjini. Kofia yake ilikuwa safi na midomo imemkauka kwa saumu. "Leo usinipe hotuba. Nimefunga, na maneno mengi yanaleta kiu."

"Amahoro, shefu. Na sisi tumo kwenye Kwaresima."

"Kwaresima yenu munakunywa chai!"

Wakacheka kidogo. Abdoulkarim akafungua kabati la chuma kwa funguo mbili, akaweka mezani mitambo miwili juu ya gunia. Silaha hazikutoka katika chumba kile hata kipande. Venanti ndiye aliyezifuata, kwa barua ya ruhusa, kila zilipomhitaji.

Mtambo wa kwanza ulikuwa wa zamani, wa kazi ya Ulaya ya kabla ya vita vyao vikubwa, umesuguliwa ukang'aa kama kijiko cha bibi harusi. Wa pili ulitoka kwenye bunduki mpya mpya iliyopasuka kitako. Ulikuwa mweusi, hauna urembo, na ulionekana kama kitu cha dukani tu.

Boaz alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa mlinzi wa msitu, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mpana wa mabega, na ndiye aliyepangiwa kuibeba bunduki hiyo.

"Fundi, usijisumbue," alisema. "Iko wazi. Tutaweka ile ya Baba."

"Wacha kwanza niiangalie."

"Uangalie nini tena? Weye ndiye ulitufundisha hapa kwamba ukucha mrefu ndio unaokoa mutu."

Kweli, aliwafundisha. Mtambo wa zamani ulikuwa na ukucha mrefu wa chuma uliolala ubavuni mwa bolti, au kulasi, kama walinzi walivyoiita kwa Kifaransa chao. Ukucha huo huidaka risasi mara inapotoka chini, na hauiachi mpaka ganda limetupwa nje. Mtu akitetemeka, akavuta nusu na kurudisha, bado bunduki haitakwama. Mtambo mpya ulikuwa na kiukucha kidogo tu mbele ya bolti. Kinafanya kazi, lakini kinamtaka mtu asiye na haraka. Na mbele ya kiboko anayekuja, ni nani asiye na haraka? Venanti mwenyewe, tangu alipoitwa, alikuwa ameshaamua moyoni. Alikuja kuthibitisha tu.

Tena ilikuwa bunduki ya Dismasi. Dismasi, baba yake Boaz, alikuwa mlinzi wa msitu huohuo kabla ya vita. Familia ilipokimbia kuvuka kwenda Tanzania, bunduki ilibaki imezikwa shambani, na Dismasi akafa kambini kwa homa akiwa hajairudia. Neno lake la mwisho kwa mkewe lilikuwa kwamba bunduki ni ya ofisi, iko kwenye jina lake, irudishwe. Mjane huyo, Ernestina, aliporudi Kizuka aliifukua, akaibeba kichwani ndani ya mkeka, akatembea nayo mchana kweupe hadi Kigwena, akaikabidhi. Wakati ule watu waliokuwa na silaha majumbani walizitupa chooni kwa hofu. Yeye alivipita vizuizi vyote vya barabarani akiwaambia askari: "Nabeba bunduki ya serikali, naipeleka kwao." Habari hiyo inasimuliwa mpaka leo. Kanisani, Ernestina akipita, bado kuna mtu wa kumnong'oneza mgeni: ni yule mama wa bunduki.

Mtutu wake ulikuwa umeliwa na kutu ukatupwa. Mtambo ulibaki kabatini.

Venanti aliuchukua, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha. Ulikuwa mwepesi kuutazama na mgumu kuuacha. Akavuta bolti, ikaja laini mno, kama kijiko kwenye asali. Akauweka ukucha mrefu chini ya kidole gumba, akausukuma nje kidogo, kama alivyofundishwa, ili aone unavyorudi kwa nguvu.

Haukurudi.

Ulibaki pale pale kidole kilipouacha, umepinda. Ukucha ule ni wa chuma cha springi. Ukiusukuma, lazima ukurudie kwa hasira. Venanti akaurudisha kwa mkono, akausukuma tena. Ukakaa tena alipouacha, mtiifu kama waya wa kufungia kuni.

"Umeona?" alisema Boaz. "Iko laini. Hakuna ya kukwaruza."

Venanti alitoa tupa ndogo, ile ya meno membamba, akatafuta mahali ndani ya mtambo ambapo masikio mawili ya bolti hujifungia wakati wa kufyatua. Hapo ndipo nguvu yote ya baruti huegemea. Chuma cha hapo, kama ni kizima, tupa huteleza juu yake ikilia kama kisu kwenye kioo. Akaigusisha, akasukuma mara moja tu, taratibu.

Tupa ikauma. Ikatoka na vumbi jeupe la chuma kwenye meno yake.

Alijaribu mtambo mweusi mahali hapohapo. Tupa ikateleza, ikalia.

"Shefu," alisema, akiwa ameinama, "nitakupa jibu kesho asubuhi."

"Kesho? Si ulisema ni kazi ya kupiga chafya?"

"Kesho."

Abdoulkarim alimtazama usoni, akaacha mzaha, akaikusanya mitambo na kuifungia. Boaz alimsindikiza Venanti hadi barabarani.

"Fundi, nikuambie kitu. Mimi ndiye nitasimama mbele ya ule munyama. Sina woga. Lakini nikisimama na chuma cha Baba, nitajua sisimami peke yangu. Unanielewa?"

"Nakuelewa, mwanangu."

"Basi fanya."

Njiani kurudi Kizuka, nyuma ya pikipiki, Venanti hakuona michikichi wala malori ya samaki. Alikuwa anaufikiria moto. Ni kitu kimoja tu kinachoweza kukitoa chuma kama kile roho yake: kukichoma mpaka kiwe chekundu, kisha kukiacha kipoe polepole. Nje kinabaki vilevile, na ukikisugua kinang'aa kuliko mwanzo. Ndani kinakuwa chuma cha jembe.

Alijifunza hayo Tabora. Wazazi wake walikimbilia Tanzania mwaka wa sabini na mbili yeye akiwa na miaka sita. Akakulia Ulyankulu, na alipomaliza shule akapata nafasi kwa Fundi Juma, mzee aliyetengeneza bunduki za wawindaji wenye vibali. Fundi Juma alikuwa na jicho moja. Lile la pili alilipoteza kwa mtambo uliotoka kwenye nyumba iliyoungua, ambao mwenyewe aliupenda kwa kung'aa kwake. "Haikupasuka siku ya kwanza," alikuwa akisema. "Ingepasuka siku ya kwanza ningeishukuru. Ilinisubiri mpaka nikaiamini." Kila risasi ilisukuma masikio ya bolti yakazama ndani ya chuma laini kidogo, na kidogo tena, mpaka risasi ikawa haifungwi vizuri, na moto wa baruti ukarudi nyuma, kwenye uso wake.

Kumwambia Boaz kwamba mtambo haufai lilikuwa jambo zito, lakini linasemeka. Kilichomkaba Venanti ni swali lingine. Bunduki ile haikuungua msituni wala vitani, ilizikwa ardhini. Kati ya ardhi na kabati la ofisi ilipitia mikono ya mtu mmoja tu.

Na mtu huyo ndiye aliyempa mahali pa kukaa. Venanti aliporudi mwaka wa 2008 na mke na binti, alikuta shamba la baba yake lina nyumba za watu wengine na makaburi ya watu wengine. Walilala chini ya turubai kando ya kanisa mpaka Ernestina, ambaye hawakujuana hata kwa jina, alipokuja na kusema: "Mimi pia nimelala chini ya turubai. Njooni." Aliwakatia kona ya kiwanja chake. Juu ya kona hiyo Venanti alijenga nyumba na karakana, na ndipo hadi leo alipokuwa akitengeneza mashine za kukamulia mawese na injini za mitumbwi.

Clotilda, mkewe, alikuwa anachambua maharage mlangoni. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Sema ni kutu," alisema.

"Hauna kutu, Mama Scovia. Hata kipofu ataona."

"Basi sema umechakaa. Chuma hakizeeki?"

"Boaz ataupeleka kwa fundi mwingine Bujumbura. Atampata wa kumwambia unafaa, maana unapendeza. Atarudi nao."

Clotilda alipeperusha maganda kwenye ungo. "Yule mama hana kitu kingine, Baba Scovia. Mume alimzika ugenini. Shamba nusu ametoa. Ana ile bunduki tu, kwamba aliirudisha. Ukimwondolea hiyo, umwachie nini?"

"Sijui kama ni yeye."

"Unajua. Ungekuwa hujui ungekuwa umeshakula."

Venanti akaenda. Ernestina alikuwa upande wa pili wa kiwanja, kwenye pipa la kuchemshia chikichi. Alikuwa amevaa kitenge kilicholowa mafuta mekundu hadi magotini, naye anakoroga kwa mti mrefu. Chini ya pipa moto ulikuwa mweupe kwa ukali. Haukuwa moto wa kuni: alikuwa anachochea maganda ya kokwa za michikichi, yale magumu meusi yanayobaki mbegu ikishatolewa. Wahunzi wa mwambao huyapenda maganda hayo kuliko mkaa. Venanti aliutazama moto ule kuliko alivyopaswa.

"Karibu, fundi. Boaz amenipigia simu," alisema Ernestina. Uso wake ulikuwa na furaha asiyoificha. "Eti leo mmeishika bunduki ya mzee."

"Tumeishika, mama."

"Iko nzima, sivyo? Maana nilifanya kazi pale!"

Venanti alikaa kwenye kinu kilichopinduliwa. Hakuwa amemwuliza neno. Angeweza kusimama wakati ule, akasema iko nzima, akaenda zake. Badala yake akasema, "Nisimulie, mama. Ilikuwaje ulipoifukua?"

"Mzee aliipaka mawese kabla ya kuizika," alisema Ernestina. "Ungetaka apake nini? Tulikuwa tunakimbia, ndiyo yaliyokuwapo. Akaifunga kwa kanga zangu mbili, na juu mfuko wa mbolea. Sasa miaka yote ile chini, mawese yaligeuka gundi. Yalikuwa meusi, magumu kama kwato. Ile kulasi haivutiki. Nikamwaga maji ya moto, wapi! Nikapiga na jiwe, nikaogopa kuvunja. Nikajiambia, Ernestina, utampelekea shefu kitu kimekwama, atasema Dismasi hakuwa anatunza. Basi nikatenganisha mti na chuma. Chuma nikakilaza kwenye makaa, haya haya ya maganda. Ee, mawese yakawaka! Yakaisha yote. Kikawa chekundu kama pilipili, kizuri mno. Nikakifunika na majivu, kipoe chenyewe. Nilipokitoa, kulasi ikafunguka kwa kidole. Nikakisugua na mchanga na majivu mpaka ukajiona uso."

Alicheka, akajifuta jasho kwa kiwiko. Kisha akaona kwamba fundi hachekani naye.

"Nini?"

Venanti alitazama chini.

"Fundi. Nini?"

"Mama, chuma cha bunduki kinapikwa kiwandani kwa kipimo chake. Ndiyo maana kinakuwa kigumu. Kikirudi motoni kikapoa kwenye majivu, ule ugumu unatoka. Hauonekani kwa macho."

"Si unaweza kukipika tena? Wewe ni fundi."

"Siwezi. Hapa hakuna wa kuweza. Nikijaribu kitakuwa kigumu kama kioo, kitapasuka. Na nikikiacha hivi kitabeba risasi ya kwanza, na ya pili, na watu watasifu. Halafu siku moja moto utarudi nyuma."

"Nyuma wapi?"

Alijua ni wapi. Aliuliza ili lisemwe.

"Usoni kwa Boaz."

Ernestina aliacha kukoroga. Mafuta yakaanza kupanda ukingoni mwa pipa, yakamwagikia moto na kulipuka kwa sauti. Venanti akainuka, akavuta makaa pembeni kwa koleo. Mama hakusogea.

"Kwa hiyo niliwapelekea maiti," alisema baadaye. "Wakapiga makofi."

"Uliwapelekea bunduki ya watu, mama. Hiyo haikuungua."

"Usinibembeleze kama mtoto." Haikuwa sauti ya hasira. "Dismasi asingeiweka motoni. Asingeiweka. Angekaa nayo mwezi mzima na unyoya wa kuku akiitekenya. Mimi nilikuwa na haraka, nataka waone inang'aa."

Venanti alivuta pembeni makaa yaliyobaki. Moto ukapungua kati yao.

"Boaz anajua?" aliuliza Ernestina.

"Bado. Naweza kumwambia kwamba ni joto la ardhini tu, kwamba mawese yenyewe..."

"Yenyewe nini? Yalijichoma?" Akauchukua mti wake wa kukorogea. "Mwache aje. Anatoka kazini saa kumi na moja. Wewe kaa."

Boaz alikuja kabla jua halijazama, bado na buti za kazi, amebeba samaki wawili waliofungwa kwa ukindu. Alimkuta mama yake ameketi kwenye mkeka na fundi amesimama, akajua kuna neno.

"Fundi, umekataa," alisema.

"Mtambo wa mzee haufai, Boaz. Tutaweka ule mweusi."

"Haufai! Asubuhi ulikuwa unafaa, ukasugua na kitupa chako kidogo, sasa haufai?"

"Tupa iliuma. Pale haitakiwi kuuma."

"Sikiliza, weye Mutanzania." Boaz aliwaweka samaki chini. "Mulikuja hapa na turubai. Mama akakukatia shamba, na mimi sikusema kitu, ingawa ni shamba langu. Umekula shamba. Sasa unataka kula na bunduki ya Baba? Unataka ule mweusi kwa sababu ni wewe utauchonga upya, usifiwe wewe. Ya Baba ingesifiwa peke yake."

Yalikuwa maneno ambayo kwa miaka kumi na saba Venanti alikuwa akiyasubiri yasemwe na mtu, na sasa yalikuwa yamesemwa. Neno moja tu lingemsafisha, na halikuwa lake kulisema.

"Boaz," alisema Ernestina. "Ni mimi niliyeichoma."

"Mama, wacha."

"Niliiweka kwenye makaa ya maganda ikawa nyekundu. Ili ifunguke. Wewe ulikuwa umelala ndani na surua, hukuona. Chuma kimekufa kwa mkono wangu, na huyu unayemtukana alikuwa tayari kunisitiri kwa uongo. Nimemkataza."

Boaz alitazama kutoka kwa mama hadi kwa fundi. Kilichomjia usoni hakikuwa hasira tena. Kilikuwa kama mtu aliyekanyaga mahali alipodhani pana ngazi, hapana.

"Lakini mulikuwa munasimulia..." alianza.

"Nilikuwa nasimulia nilichojua. Sasa nimejua kingine."

"Watu wataacha kusema mama wa bunduki."

"Wataacha. Wewe utabaki na macho mawili." Akamkazia uso. "Nilimzika baba yako kule kambini Kasulu bila sanduku, Boaz. Unafikiri nitakubali nikuzike na wewe kwa sababu ya kuitwa jina kanisani?"

Boaz alichuchumaa. Akakaza upya ukindu wa samaki wake. Alisema bila kuinua kichwa, "Fundi. Ule mweusi hauna ukucha."

"Unao. Ni mdogo."

"Ukinitemea risasi pale?"

"Hautakutemea ukiuvuta mpaka mwisho. Shida ya ule ni nusu. Ukivuta nusu ukarudisha, utabananisha risasi mbili, umekwisha. Ukivuta mpaka usikie umegonga nyuma, hautakuangusha. Tutafanya mazoezi bila risasi, mpaka mkono wako usahau nusu ni nini."

"Kila siku?"

"Kila siku. Nitakuja."

"Utachoka na mimi. Mimi iko na kichwa kigumu."

"Hicho ndicho chuma pekee kigumu katika ukoo huu," alisema Ernestina, na wakashtuka wote watatu kwamba wamecheka. Kicheko hakikudumu. Boaz alisimama, akampa Venanti samaki mmoja, hakusema ni wa nini, na Venanti akampokea kwa mikono miwili.

"Kuna kitu kimoja," alisema Ernestina fundi alipokuwa anaondoka. "Kile chuma hakitarudi kabatini kungojea mtu mwingine akipende. Kikate. Na mimi niwepo."

Asubuhi yake, Alhamisi, hapakuwa na mvua. Venanti na Ernestina walipanda pikipiki mbili hadi Kigwena, na Boaz aliwakuta getini. Venanti alimweleza Abdoulkarim mambo yote mbele ya mama mwenyewe, kwa kuwa mama alitaka hivyo. Abdoulkarim alisikiliza, akavua kofia, akaishika mkononi, halafu akapiga simu kwa wakubwa wake kuomba kibali. Kilipotolewa alifungua kabati bila mzaha wowote.

Venanti alikifunga chuma cha Dismasi kwenye jiliwa, kile kibano cha chuma cha mezani, upande wa mbele ukitazama dirisha, akachukua msumeno wa chuma. Moyoni bado alitamani kitu kimoja: kwamba mtambo ukatae. Chuma kizima cha namna ile hung'oa meno ya msumeno. Kama ungekataa, angeomba radhi kwa wote, angekubali kuitwa mjinga mwambao mzima, na angeuweka kwenye bunduki siku hiyohiyo.

Akasukuma. Msumeno ukaingia kwa mpigo wa kwanza, ukaendelea kuingia, na unga wa chuma ukamwagika juu ya gunia. Ernestina alisimama karibu naye, mikono ameifunga kifuani, anatazama. Hakugeuza uso. Vipande viwili vilipoanguka, alivigusa kimoja kimoja kwa ncha ya kidole, akamshukuru Abdoulkarim, "Murakoze," akatoka nje na mwanawe.

Venanti alikung'uta gunia. Kisha akauweka mtambo mweusi kwenye jiliwa, akakileta kitako karibu, akapaka masizi chini ya chuma ili aone kinapogusa mti, akaanza kuchonga.